UZI: Mabomba ya nyumbani na fundi bomba: kagua haya kabla taili hazijafunika kazi

ElboTisini · #1

Wakuu, kila wiki linarudi swali lile lile: fundi kaniandikia bei hii, ni halali au napigwa? Bei peke yake haisemi kitu. Wa bei ndogo anaweza kukuachia ukuta unaotoa unyevu baada ya miezi sita, na wa bei kubwa akakufungia paipu ile ile nyembamba. Tofauti imo kwenye vitu vinavyofichwa na plasta na taili, na mwenye nyumba anaweza kuvikagua bila kuwa fundi. Naanza na upande wa mwenye nyumba, mafundi wa humu wajazie.

Anza na mita. Hapa Uganda mijini maji mengi ni ya NWSC, shirika la maji la taifa, na kazi yao inaishia kwenye mita. Kutoka hapo kuingia ndani paipu ni yako: ikipasuka, maji yameshapita kwenye mita na bili inakuja kwako. Sili ya mita usiiguse, hata fundi akisema "nafungua dakika moja tu, ssebo (bwana)". Ndiyo maana mara tu baada ya mita, upande wako, panatakiwa valvu yako mwenyewe. Weka boli valvu ya shaba, ile ya mkono unaozunguka robo tu. Geti valvu ya gurudumu ikikaa miaka bila kuguswa hushika kutu na kung'ang'ania, na siku paipu imepasuka utaizungusha mpaka shingo ikatike. Yoyote uliyo nayo, ifunge na kuifungua mara mbili kwa mwaka.

Kila mtu wa nyumbani ajue valvu hiyo iko wapi. Na mlinzi pia.

Kujua kama unavuja: funga koki zote, mwambie kila mtu asivute choo, kisha tazama kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita, chenye umbo la nyota au pembetatu. Kikizunguka, maji yanakwenda mahali. Funga valvu yako. Kikisimama, uvujaji uko ndani ya mfumo wako. Kisiposimama kabisa, ama valvu haishiki ama paipu fupi kati ya mita na valvu ndiyo inavuja. Baada ya hapo unafungua valvu tena na kufunga engo valvu za vyoo (zile ndogo za ukutani) moja moja mpaka kigurudumu kitulie. Dakika ishirini, huhitaji fundi.

Koki inayodondoka msiidharau. Tega kikombe cha mililita 250. Kikijaa kwa dakika 10, hiyo ni lita 36 kwa siku, lita 1,080 kwa mwezi. Yuniti moja ya maji ni lita 1,000. Umelipia jerikeni 54 za lita 20 ambazo hakuna aliyeoga.

---

Nnyabo_Mbuya · #2

Ongeza hapo kwenye jaribio la mita: nyumba yenye tangi itakudanganya. Tangi likiwa linajaa, mita inazunguka kihalali. Ngoja lijae au funga valvu ya kuingia tangini kwanza. Na ukiona maji yanatoka usiku kwenye ovaflo (paipu ya kumwaga maji yaliyozidi tangini), boya ndilo bovu. Mara nyingi ni ile washa ndogo ya mpira ndani ya valvu ya boya, imeliwa au imeshika mchanga. Pindisha mkono wa boya chini kidogo kwanza. Maji yasiposimama, badilisha valvu nzima.

Vyoo navyo vinavuja kimya. Mimina kahawa nyeusi au rangi ya keki kwenye sistani, usivute kwa dakika 20. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini ya sistani haukai vizuri. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote chooni, na ndicho kinachopandisha bili kuliko vyote.

---

paipu_ishirini · #3

Nichukue PPR, paipu ya plastiki ya maji safi, maana ndiyo inayofungwa karibu kila nyumba mpya siku hizi na ndiyo inayoharibiwa zaidi.

PPR haigandishwi kwa gundi, inayeyushwa. Mashine ya kuchomelea inatakiwa nyuzi 260. Paipu ya milimita 20 inakaa kwenye moto sekunde 5, ya 25 sekunde 7, ya 32 sekunde 8. Paipu na fitingi vinaingizwa kwenye moto pamoja, vinatolewa pamoja, na kuunganishwa ndani ya sekunde 4 hivi, kwa kusukuma moja kwa moja bila kuzungusha. Kisha unashikilia tuli. Joint ya 20 au 25 isivutwe kwa dakika 2, ya 32 kwa dakika 4.

Makosa ninayowaonya vijana:

Kupitisha muda. Plastiki ikilegea sana, unaposukuma inajikusanya ndani kama mdomo na kuziba njia. Kwa nje joint inapendeza, ina pete mbili safi, lakini ndani pamebaki tundu la kalamu. Ndiyo ile koki ambayo pressure yake haieleweki na kila mtu anailaumu NWSC.

Kusukuma mpaka mwisho. Kabla ya kuchoma, piga alama ya penseli kwenye paipu, milimita 14 kwa paipu ya 20 na 16 kwa ya 25. Ukipita alama unaziba, usipoifikia joint haina nguvu.

Maji au vumbi kwenye paipu. Kwenye ukarabati, laini ambayo bado inadondoka haichomeleki. Tone moja likigeuka mvuke linaacha kitobo kama cha sindano. Fundi akikwambia "inadondoka kidogo tu, itashika", mwambie atoe maji yote kwanza. Pasipowezekana, akate na kufunga fitingi ya kukaza kwa nati.

Kwenye kununua, soma maandishi kwenye paipu yenyewe. PN ni kiwango cha pressure ambacho paipu inahimili. Maji ya moto ni PN20. Maji baridi PN16 inatosha, ingawa wengi wanafunga PN20 kote ili zisichanganywe na ubishi uishe. Paipu ya 20 PN20 ukuta wake ni milimita 3.4, PN16 ni 2.8. Ya 25 PN20 ni 4.2. Nenda dukani na vernia (kifaa cha kupimia unene) au hata rula ndogo, pima mdomo wa paipu. Kuna paipu zimeandikwa PN20 na ukuta wake hauzidi 2.5. Tafuta na alama ya Q ya UNBS (shirika la viwango), lakini alama huchapwa na yeyote, milimita hazidanganyi.

---

Kajjansi_bomba · #4

Hapo kwenye ukubwa nakubaliana nusu. Watu wanasikia PPR 20 ni "nusu inchi" wanadhani tundu lake ni sawa na la GI (paipu ya chuma iliyopakwa zinki) ya nusu inchi. Piga hesabu: 20 ukitoa 3.4 mara mbili, limebaki tundu la milimita 13.2. Ya 25 inabaki na 16.6, yaani eneo la kupita maji limezidi kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo laini kuu ndani ya nyumba iwe 25, na 20 itumike tu kwa tawi linalokwenda kwenye koki moja. Ukikuta fundi ametoa 20 moja kutoka tangini, ikapita jikoni, ikaenda kuhudumia bafu mbili, mtu akifungua sinki anayeoga anabaki na sabuni machoni.

Kwa maji ya tangi kwa mteremko ni lazima zaidi. Toka tangini na 40 au 32, punguza ukishafika ndani.

---

paipu_ishirini · #5

@Kajjansi_bomba hatubishani. PN20 kote inakula tundu, kweli. Ndiyo maana kwa baridi PN16 ni chaguo zuri ukiwa na fundi makini asiyechanganya.

---

muzee_wa_Arua · #6

Kwa nini hamtaji GI? Imedumu miaka.

---

ElboTisini · #7

Mzee wangu, GI bado ina nafasi yake: paipu inayosimama nje kwenye jua na koki ya uani, kwa sababu haivunjiki watoto wakiikalia. Lakini ndani ya ukuta inaota kutu na kujijaza magamba mpaka tundu linabaki kama la mrija. Na ikianza kuvuja sehemu moja, ya pili haiko mbali.

Kinyume chake, PPR na PVC msiziache kwenye jua. Zinakakamaa na kupasuka kama biskuti. Laini ya nje kutoka mita iwe HDPE, ile paipu nyeusi ya plastiki, 25 au 32, izikwe sentimita 45 hadi 60, ipitishwe ndani ya paipu kubwa pale ambapo gari linapita. PPR ikilazimika kupanda ukutani nje kwenda tangini, ivishwe au ipakwe rangi.

Unapounganisha chuma na plastiki, chuma kiwe ndani ya adapta yenye shaba, kamwe si ndani ya thredi za plastiki tupu. Nipo (kipande kifupi cha paipu chenye thredi nje) ya GI imenenepa kwenda nyuma. Ukiikaza ndani ya plastiki inapasua soketi, na haipasui leo, inapasua baada ya wiki tatu usiku. Tepu nyeupe zungusha kufuata upande wa kukazia, ukitazama mdomo wa thredi basi ni upande wa mshale wa saa. Raundi 10 hadi 15 za tepu ile nyembamba kwa nusu inchi. Ukiizungusha kinyume, unapokaza inajikunja na kutoka. Kwa GI kubwa, uzi wa katani na pesti unashinda tepu.

---

Valvu_Jinja · #8

Sasa jambo ambalo likifanyika mengine yote yanasameheka: kupima kwa pressure KABLA ya plasta.

Kuna pampu ndogo ya mkono ina beseni na geji. Fundi wa nyumba nzima asiye na pampu hiyo, au asiyejua pa kuiazima, si fundi wa nyumba nzima. Utaratibu: subiri saa 24 baada ya kuchomelea joint ya mwisho. Ziba pointi zote kwa plagi za thredi (si vijiti vilivyofungwa mpira). Jaza maji taratibu huku ukiacha pointi ya juu kabisa wazi mpaka hewa yote itoke, kisha izibe. Pandisha mpaka baa 10 (baa ni kipimo cha pressure). Itashuka kidogo mwanzoni kwa sababu PPR inatanuka, pandisha tena. Kisha iache saa moja au zaidi. Piga picha ya geji mwanzo na mwisho, saa ionekane.

Ikishuka, tembea na tochi na karatasi ya chooni mkononi, gusa kila joint. Karatasi inaonyesha unyevu ambao jicho halioni.

Ukiambiwa "tumefungulia maji ya NWSC na hakuna kinachovuja", hilo si jaribio. Maeneo ya vilimani maji ya mchana yanakuja baa moja au chini. Usiku watu wakilala yanapanda, na joint dhaifu inaachia saa nane usiku.

Na kabla ya plasta piga picha za kila ukuta ukiwa umetandika futi kamba kutoka kona na kutoka sakafuni. Siku unatoboa kutundika kabati utazishukuru.

---

Sanyu_Kira · #9

Swali: tangi la lita 1,000 kwenye stendi ya mita 3 linatosha kwa shawa ya umeme? Nyumba ya chini, si ghorofa. Fundi wangu anasema linatosha, wa umeme anasema halitoshi.

---

Kajjansi_bomba · #10

@Sanyu_Kira wa umeme amepatia. Mita 10 za kimo ndizo zinatoa baa 1. Stendi ni mita 3, kichwa cha shawa kiko mita 2.1. Tangi likikaribia kuisha umebaki na sentimita 90, hiyo ni baa 0.09. Likijaa unaongeza mita moja na kitu. Soma kwenye boksi la hita kiwango cha chini inachotaka. Ikikosa pressure haiwaki, au inawaka na kuzima, au maji kidogo yanapita yakiwa ya kuunguza.

Una njia tatu. Inua tangi mpaka kitako chake kiwe mita 5 au zaidi juu ya shawa, kama kiwanja kina mteremko tumia mteremko huo. Au funga pampu ndogo ya kuongeza nguvu kwenye laini inayotoka tangini, ile inayojiwasha koki ikifunguliwa. Au tafuta hita inayokubali pressure ndogo na uongeze paipu iwe 25 mpaka ukutani kwake.

Pampu isifungwe kamwe moja kwa moja kwenye laini ya mita. Inavuta maji ya jirani, na laini ikiwa tupu inavuta hewa na matope kupitia nyufa za chini ya ardhi. Maji yaingie tangini kwanza, pampu ivute tangini. Ukiwa na tangi la chini ya ardhi, pampu ya juu isitegemewe kunyonya zaidi ya mita 6 hivi. Kampala tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa yenyewe nyepesi, basi kunyonya kunapungua.

Umeme wa hiyo shawa: wati 5,500 kwa volti 240 ni ampia 23. Waya wa 2.5 (milimita za mraba) wa soketi haufai, unataka waya wa 4 na breka yake peke yake, na ethi ya kweli. Hapo mwachie wa umeme, si fundi bomba.

---

Nnyabo_Mbuya · #11

Na stendi yenyewe mama, usisahau: lita 1,000 ni tani nzima, juu ya miguu minne. Miguu isikae juu ya taili au udongo mtupu, kila mguu uchimbiwe msingi wa zege. Wachomeleaji wa Katwe watakutengenezea yoyote unayotaka, lakini wengi wanaacha juu vyuma vilivyopishana tu. Tangi la plastiki linataka sakafu kamili chini yake, mbao nzito au bamba, lisining'inie kati ya vyuma. Likining'inia linapasuka kitako likiwa limejaa.

Ovaflo iwe nene kuliko paipu ya kuingiza maji, la sivyo siku boya likifa maji yatamwagikia kwenye kifuniko. Mdomo wake uvae wavu wa mbu.

---

Valvu_Jinja · #12

Kama nyumba inatumia maji ya moja kwa moja NA ya tangi kwenye laini moja, pawepo noni-ritani (valvu za kupitisha maji upande mmoja tu) mbili: moja baada ya mita, nyingine kwenye paipu ya kutoka tangini. Bila ya kwanza, maji yakikatika mtaani tangi lako linarudi kujaza bomba la mtaa. Bila ya pili, maji ya mtaa yakija kwa nguvu yanapanda tangini kwa kupitia chini, boya halina la kufanya, na ovaflo inamwaga usiku kucha. Zifungwe kufuata mshale uliochongwa kwenye mwili wake. Inaonekana jambo la kitoto lakini zinafungwa kinyume kila siku.

Koki ikitema hewa na kukata, hiyo ni hewa iliyonaswa pale paipu ilipopanda na kushuka kama nundu. Laini ya tangi iteremke moja kwa moja bila nundu. Mara baada ya valvu ya tangi weka tii (fitingi ya njia tatu) yenye paipu fupi ya kupumulia, ipande juu kuliko usawa wa maji ya tangi, mdomo uinamishwe.

---

menho_na_trapu · #13

Mmeongea maji safi tu. Kero kubwa ya nyumba za huku ni maji machafu.

Vipimo vya paipu kwa milimita: beseni la kunawa 32 au 40, sinki la jikoni na shawa 40 hadi 50, choo 110. Mteremko ni sentimita 2.5 kwa kila mita. Paipu ya mita 4 kutoka chooni hadi chemba (shimo la ukaguzi lenye kifuniko) ishuke sentimita 10. Usikubali "nimepima kwa macho". Mpe uzi na levo. Mteremko mdogo unaacha uchafu, na ukizidi sana maji yanakimbia na kuviacha vigumu nyuma.

Kona ya chini ya ardhi isiwe elbo moja ya 90. Weka mbili za 45, na chemba kila paipu inapobadilisha mwelekeo, ili waya wa kuzibulia upite. Chemba ndani sakafu yake iwe na mfereji laini wa nusu duara. Ukikuta fundi ameacha sakafu bapa ya saruji, uchafu utakaa hapo mpaka unuke.

Sasa tazameni hii, maana inafanyika mbele ya macho ya mwenye nyumba naye anaona ufundi. Fundi hataki kununua soketi ya PVC. Anawasha karatasi au kipande cha kaveera (mfuko wa plastiki), anachoma mdomo wa paipu ya 110 mpaka unalegea, anauingiza kwenye paipu nyingine ili utanuke. Umepata joint bure. Lakini ukuta wa plastiki pale umekuwa mwembamba kama gamba, umekauka na moshi, gundi haishiki kwenye weusi, na duara lenyewe si duara tena. Udongo ukishindiliwa juu yake panafunguka, na mizizi ya mti inaingia. Soketi moja ni bei ya soda chache. Kwenye makubaliano andikeni: hakuna kuchoma PVC kwa moto.

Jaribio lake ni rahisi: ziba mwisho wa chini, jaza maji mpaka juu, piga alama, subiri nusu saa. Maji yakishuka, tafuta panapovuja kabla ya kufukia.

Septiki: vyumba viwili, cha kwanza kikubwa mara mbili ya cha pili. Paipu ya kuingia na ya kutoka ziwe na tii inayochovya chini ya maji, ili povu na mafuta visipite kwenda shimo la kunyonya. Maji ya mvua kutoka paani YASIINGIE humo, mvua moja kubwa inasukuma tope lote kwenye shimo la kunyonya na kuliziba moja kwa moja. Shimo hilo likae mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote. Kwa maeneo ya mabondeni yenye maji juu kama Bwaise, shimo la kunyonya halinyonyi kitu, fikirieni tangi la kufunga na gari la kunyonya. Gari liitwe tope likifika theluthi ya kina, usingoje lirudi chooni. Na dereva aulizwe anakwenda kumwaga wapi. Jibu linalofaa ni mtambo wa kusafisha maji taka kama wa Lubigi, si mfereji wa karibu.

---

boda_wa_sinki · #14

Wakuu shukrani. Turudi kwa fundi sasa. Vifaa anunue nani, mimi au yeye?

---

Kajjansi_bomba · #15

Wewe. Fundi aandike orodha yenye ukubwa, PN na idadi, upeleke maduka mawili matatu ya Nabugabo au Ndeeba, ulinganishe, ulipe mwenyewe, risiti ibaki kwako.

---

Valvu_Jinja · #16

Hapo napinga kidogo. Mwenye nyumba akinunua peke yake anauziwa koki za aloi zilizopakwa rangi ya kromu akidhani ni shaba. Zinapasuka shingo ndani ya mwaka. Nendeni pamoja. Fundi achague, wewe ulipe. Koki ya shaba ina uzito mkononi, sumaku haiishiki, na ndani ya thredi utaona manjano. Nunua fitingi zaidi ya hesabu kidogo kwa makubaliano kwamba zilizobaki zinarudishwa dukani. Elbo moja ikipungua, boda ya kwenda na kurudi inakula faida yote.

---

ElboTisini · #17

Wote mmepatia. Nije kwenye leba, maana hapo ndipo ugomvi unazaliwa.

Mafundi wengi wanahesabu kwa "pointi". Kabla ya kukubali bei, ulizeni pointi ni nini. Beseni la maji moto na baridi lina baridi, moto na taka: mmoja anahesabu moja, mwingine tatu. Wawili wakikuletea bei tofauti mara mbili, huenda kazi ni ile ile, kuhesabu ndiko tofauti. Andikeni kwenye karatasi: idadi ya vyoo, mabeseni, sinki, shawa, koki za nje, hita, tangi. Andikeni pia nani anachimba mitaro ya ukutani, nani anaziba baada ya paipu, nani analipia usafiri.

Malipo yafuate hatua: asilimia 30 vifaa vikiwa vimefika na mitaro imeanza kuchongwa, 40 baada ya jaribio la pressure kufaulu, 20 baada ya vyoo na koki kufungwa na kila kitu kutumika mbele yako, 10 ibaki wiki mbili. Tuma kwa simu badala ya taslimu, ujumbe wa malipo ni risiti. Fundi anayetaka 70 kabla ya kushika msumeno huenda ana deni la kazi ya jana, na yako itakwenda kulipia ya mwingine.

Sifa: wengi wazuri wamejifunzia kazini, si chuoni, na hilo si kosa. Kuna cheti cha serikali cha Worker's PAS kwa aliyejifunza kwa vitendo, kinaonyesha amepimwa. Lakini hata mwenye cheti mwombe nyumba mbili alizofanya zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Ukifika usiangalie koki zinazong'aa. Fungua kabati la chini ya sinki, inua kifuniko cha chemba, uliza bili imekuwaje.

Mwulize pia maswali matatu huku unamtazama: PPR ya 25 unachoma sekunde ngapi? Mteremko wa paipu ya choo ni kiasi gani kwa mita? Utapima kwa baa ngapi? Anayefanya kazi hii kweli atajibu kabla hujamaliza kuuliza.

---

Sanyu_Kira · #18

Kwa mwenye mizigo (vyumba vya kupangisha) je? Vyumba sita mstari mmoja, mita moja ya NWSC.

---

Nnyabo_Mbuya · #19

@Sanyu_Kira kila muzigo uwe na boli valvu yake nje ya mlango, ndani ya kiboksi chenye kufuli, na mita ndogo baada yake. Mita ndogo ikae kwa kulala kama mshale unavyoonyesha, na paipu fupi iliyonyooka mbele yake. Andika namba zote siku ile ile na ile ya mita kubwa. Jumla ya ndogo ikipungua sana kuliko kubwa, kati yao kuna uvujaji au kuna mtu kaunganisha. Laini kuu 32, matawi 20. Na choo kimoja cha pamoja kiwe na mita yake pia, la sivyo kila mwezi ni vita vya nani alivuta mara ngapi.

---

boda_wa_sinki · #20

La mwisho: bafu la wageni linanuka kama septiki, lakini hakuna kilichoziba. Fundi anataka kuvunja sakafu.

---

menho_na_trapu · #21

Asivunje kitu bado. Bafu lisilotumika, maji ya trapu ya sakafuni (kona ya paipu inayobaki na maji ili kuzuia harufu) yanakauka, na harufu inapanda moja kwa moja kutoka chemba. Mimina lita mbili za maji kwenye tundu la sakafu, kwenye beseni na kwenye shawa, kisha kijiko cha mafuta ya kupikia juu ya tundu la sakafu. Mafuta yanaelea na kuzuia maji kukauka. Subiri siku moja.

Harufu ikirudi baada ya kuvuta choo na ukasikia trapu ikigugumia, maji yanavutwa kutoka trapuni kwa sababu paipu ya 110 haina pa kupumulia. Panda juu uone kama paipu ya hewa inatoka paani au iliishia darini. Nyingi zinaishia darini. Ikiisha hapo, dawa ni kuiongeza ipite bati, na sakafu yako inabaki nzima.